Siti za ngozi za gari: maswali ambayo wateja wa Mbeya, Iringa na Njombe hawaachi kuuliza

Mengi ya maswali haya huja kwa simu jioni, mtu ameshika kitambaa mkono mmoja na doa limeshatokea. Mengine naulizwa palepale kibandani, Mbeya mjini, gari limefunguliwa milango yote minne. Nimeyapa namba ili nisirudie jambo lilelile mara tano. Ukiona "angalia swali la 4", rudi huko kwanza.

## Jua ulichonacho

1. Nitajuaje kama siti zangu ni ngozi kweli au ni ngozi bandia ya plastiki?

Mara nyingi ni vyote viwili. Magari mengi yanayokuja na "siti za ngozi" yana ngozi pale unapokalia na kuegemea tu; ubavuni, nyuma ya siti na milangoni ni plastiki iliyochapwa mistari ya ngozi. Ndiyo maana unakuta ubavu bado mpya huku sehemu ya kukalia imepasuka.

Kipimo changu ni kidole gumba. Bonyeza katikati ya siti, halafu sogeza kidole kidogo. Ngozi itajikunja vijikunjo vyembamba visivyolingana, kama ngozi ya mgongo wa mkono wako. Plastiki inazama, inarudi, basi. Ukitaka uhakika zaidi ingiza mkono chini ya siti utafute pindo: nyuma ya ngozi kuna manyoyamanyoya kama upande wa ndani wa mkanda wa suruali, nyuma ya plastiki kuna kitambaa kilichofumwa. Kunusa hakusaidii, harufu ya ngozi inauzwa kwenye chupa. Na habari ya kuchoma kwa kiberiti iache kabisa, utabaki na jibu na tundu.

2. Kwa nini ngozi ya gari haitunzwi kama ngozi ya kiatu?

Kwa sababu kwenye siti huigusi ngozi, unagusa rangi. Kiwandani ngozi ya gari hupakwa rangi, na juu ya rangi hupakwa tabaka jembamba la poliyurethini, aina ya plastiki laini inayozuia maji na kubeba msuguano wa nguo. Tabaka hilo ni jembamba sana. Likiwa zima, chai unaifuta kwa kitambaa na safari inaendelea. Likichubuka, rangi inafuata, na rangi ikishaondoka ngozi iliyo chini inakunywa kila kitu: jasho, maji, mafuta.

Siti nyingi ninazoletewa zimeharibiwa na mikono ya kusafisha kuliko na uchafu wenyewe. Ukielewa swali hili moja, mengine yote humu utayajibu mwenyewe.

Zipo ngozi chache, hasa za magari ya bei kubwa, ambazo hazikufunikwa na tabaka zito, zinaitwa anilini. Dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana. Likikaa juu kama tone la umande, endelea kusoma. Likinyweka na pale pakawa peusi, ama una anilini ama tabaka limeisha. Usimwagie kitu chochote hadi umjue fundi wa kumpa.

3. Nisafishe mara ngapi?

Kufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevunyevu, kila wiki. Kusafisha kwa povu, kila miezi mitatu kwa gari la familia, kila mwezi kwa gari la abiria au la mtu anayeshinda mashambani Usangu kiangazi. Siti ya dereva ihesabu peke yake, inachakaa haraka kuliko nyingine zote zikijumlishwa. Zaidi ya hapo unamaliza tabaka bure.

## Kusafisha

4. Hatua ni zipi hasa?

Anza na vumbi, tena kukiwa kukavu. Vumbi letu la Agosti mpaka Oktoba ni mchanga uliosagika. Ukilipaka maji kabla ya kulitoa umejitengenezea msasa. Tumia mashine ya kunyonya vumbi, na kama huna, brashi laini ya rangi ya inchi mbili. Vuta mshono ufunguke kwa vidole viwili, piga brashi kutoka juu kwenda chini. Makombo ya maandazi na mchanga wa viatu hujificha humo, na ndiyo hukata uzi pole pole.

Kisha dawa. Weka maji ya uvuguvugu kidogo kwenye kikombe, dawa ya kusafishia siti za ngozi au mbadala wa swali la 5, halafu piga kwa brashi mpaka povu lisimame. Chukua povu, maji yaache kikombeni. Fanya kipande kimoja kwa wakati: mgongo, halafu pa kukalia, halafu mabega ya siti. Zungusha brashi bila kukandamiza. Povu litabadilika rangi mbele ya macho yako, kutoka nyeupe hadi rangi ya chai ya maziwa. Lifute hapohapo kwa kitambaa kikavu kabla halijarudi kwenye mistari.

Pitisha kitambaa cha pili kilichochovywa maji safi na kukamuliwa sana, ili sabuni isibaki. Kitambaa cha tatu ni cha kukausha. Mimi huwa nahesabu vitambaa: kinachotoka cheupe ndicho kinaniambia nimemaliza, siti yenyewe haisemi kweli ikiwa imelowa.

Acha milango wazi kivulini nusu saa au zaidi. Usianike juani, usipulizie hita. Ngozi iliyolowa ikipigwa joto hukaza na kujikunja.

5. Sina dawa maalumu. Nitumie sabuni gani?

Shampuu ya watoto, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji. Siyo bora kama dawa ya ngozi, ila haitakuumiza.

Sababu ni hii. Ngozi iliyotengenezwa ina asidi kidogo. Sabuni ya unga na sabuni ya mche ziko upande wa pili, upande wa magadi, na sabuni ya unga ndiyo kali zaidi. Mara moja huoni kitu. Mara ya kumi tabaka limekuwa gumu, limepauka, na mikunjo ya pa kukalia imeanza kufunguka. Sabuni ya vyombo haina ubaya huo sana lakini inang'oa mafuta yote, na watu huizidisha kwa sababu wanapenda povu. Jiki, vimu, dawa ya meno na magadi visikaribie siti hata siku moja.

6. Pale ninapooshea gari wananyunyizia maji ya presha hadi ndani. Ni sawa?

Hapana, hata kidogo. Maji hayaishii juu. Yanapita kwenye mshono, yanaingia kwenye sponji, yanatua sakafuni chini ya siti ambako kuna nyaya. Plagi za manjano unazoziona kule chini ni za mifuko ya hewa na mikanda. Siti ya abiria nayo mara nyingi ina kihisi kinachotambua kama kuna mtu. Zikilowa, taa ya mfuko wa hewa inawaka kwenye dashibodi na hapo utatafuta fundi umeme, mimi sitakusaidia.

Halafu kuna baridi yetu. Sponji iliyolowa Juni hapa Mbeya inaweza kukaa siku kadhaa bila kukauka, na Njombe ndiyo usiseme. Harufu ya uvundo utakayoisikia wiki inayofuata imetoka humo. Waambie vijana mapema, kwa upole: "Wadogo zangu, ndani ni kufuta tu, msimwage maji." Ukisubiri hadi bomba limeshafunguliwa umechelewa.

7. Siti zangu zina matundu madogo madogo. Kuna tofauti?

Ipo. Usinyunyizie dawa kwenye siti, nyunyizia kwenye kitambaa. Usipake krimu nzito, itaziba matundu na kubaki vidoti vyeupe ambavyo utavitoa kimoja kimoja kwa kijiti cha meno. (Nimewahi kukaa saa mbili na siti moja ya nyuma nikifanya kazi hiyo.) Chini ya matundu hayo pengine kuna feni au waya wa kupasha joto, na vyote havipendi maji.

8. Mashine ya mvuke je?

Kwa plastiki na zulia, sawa. Kwa ngozi, siitumii. Joto na unyevu kwa pamoja ndivyo vinavyofanya ngozi isinyae, na anayeshika bomba akipata simu, siti imekwisha.

## Madoa

9. Nilivaa jinzi mpya, siti ya krimu imekuwa bluu. Inatoka?

Ukiiwahi ndani ya siku mbili tatu, mara nyingi inatoka kwa hatua za swali la 4 ukirudia mara mbili. Ikikaa miezi, joto la mwili na jua limeshaisukuma rangi ndani ya tabaka lenyewe. Hapo ukizidi kusugua unafuta siti, siyo doa. Vitenge vipya na batiki hufanya hivyohivyo, hasa siku ya mvua mtu akiingia amelowa.

Zile sponji nyeupe zinazosifiwa kufuta kila kitu ni msasa laini sana. Zinatoa doa kwa kukwangua. Nikizitumia ni mguso mmoja au miwili baada ya kila kitu kushindikana, na mteja anajua kwamba pale patapoteza mng'ao wa asili.

10. Wino wa kalamu unatolewaje?

Nitakusimulia kwanza usivyotolewa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa siti ya kijivu yenye mstari wa kalamu, urefu wa kidole. Nikachovya pamba kwenye thina. Wino ulitoka, kweli. Nilipoigeuza pamba niitazame, ilikuwa na kijivu kingi kuliko bluu. Mstari wa kidole ukawa kiraka cha ukubwa wa kisahani cha chai, na nililipa mfukoni kwangu kupaka rangi siti nzima.

Thina, petroli, mafuta ya taa na dawa ya kufutia rangi ya kucha vyote vinayeyusha tabaka. Wino mbichi ubonyeze kwa tishu kavu bila kusugua, kisha jaribu povu kwa kijiti cha pamba cha masikioni. Ukibaki, spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kijiti kimoja, mguso mmoja, geuza utazame. Ukiona rangi ya siti kwenye pamba, simama hapohapo. Wino wa zamani kwa kweli dawa yake ni swali la 21.

11. Mtoto ametapika tukishuka Kitonga. Nifanye nini njiani?

Zile kona zimenilisha mimi na watoto wangu! Simama penye usalama, zoa kwa kipande cha karatasi ngumu au kadi, usifute kwa kitambaa maana unasukuma ndani ya mshono. Kisha kitambaa cha maji ya baridi kilichokamuliwa, kuanzia pembeni kuja katikati. Maji ya moto yanaivisha maziwa na harufu inaganda. Matapishi yana asidi, kwa hiyo usiseme nitasafisha nikifika Dar. Ukifika Mikumi yameshakauka. Nyumbani rudia kwa hatua za swali la 4, na uivute mikunjo ya siti uangalie kilichoteremka.

12. Ulanzi (pombe ya mianzi) umemwagika siti ya nyuma. Nimefuta lakini inanata na kunuka.

Wateja wa Iringa na Njombe, hili ni lenu. Mmoja hupiga simu, akishamaliza salamu ya "kamwene" tu najua ni ulanzi. Ulanzi una sukari na unaendelea kuchacha hata ukiwa kwenye sponji, kwa hiyo kufuta juu hakutoshi. Juu ya ngozi tumia povu mara mbili na maji safi mara mbili, kwa sababu sukari inayobaki ndiyo inayonata na kukusanya vumbi. Kilichoingia kwenye mshono kinyonye kwa kukandamiza taulo kavu kwa uzito wa mwili, kalia kabisa, badilisha taulo, kalia tena.

Kama harufu inarudi jua likipanda, imefika kwenye sponji na siti inabidi ifunguliwe. Maziwa mabichi ni hivyohivyo, tena mabaya zaidi. Marashi ya kuning'iniza kwenye kioo usinunue, utapata harufu mbili.

13. Parachichi, mafuta ya chipsi, usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa)?

Mafuta ya aina yoyote: kausha kwanza kwa tishu, halafu povu. Yakishanyweka penye rangi iliyochubuka hayatoki yote, doa litabaki jeusi. Parachichi lililopondeka lina ubaya wa pili, linageuka kahawia likikaa. Usipa wa Kyela ni suala la kufunga mzigo. Ndoo yenye mfuniko, kwenye buti, na madirisha wazi kidogo. Supu yake ikishuka siti, soma swali la 12 na ubadilishe jina.

14. Siti ya dereva imekuwa nyeusi na inang'aa. Imechakaa?

Pengine ni chafu tu. Siti ya kisasa ikiwa safi haing'ai sana, imefifia kidogo kama karatasi nzuri. Ule mng'ao wa pa kuegemea mabega ni jasho, losheni na mafuta ya mwili yaliyojipaka na kushika vumbi. Safisha kipande cha ukubwa wa kiganja uone. Wapo waliokuja wakitaka kupaka rangi wakaondoka wamelipia usafi peke yake.

## Kulinda

15. Nipake mafuta gani?

Hili ndilo swali namba moja, na jibu langu huwaudhi watu: huenda huhitaji mafuta yoyote. Rudi swali la 2. Kama ngozi imefunikwa na tabaka la plastiki, mafuta unayopaka hayaingii kwa kiasi cha maana. Yanakaa juu, yanavuta vumbi, yanahamia kwenye suruali yako ya Jumapili. Mafuta ya nazi, ya alizeti, ya mgando na ya watoto yote ni hivyo. Yale ya kupikia yanaongeza kunuka yakioza. Dawa ya viatu ina rangi na nta, nayo itaondoka na mgongo wa shati jeupe.

Kinachosaidia kweli ni dawa ya kukinga, ya majimaji, iliyotengenezwa kwa siti za ngozi zenye rangi. Inaacha utando mkavu juu ya tabaka: jinzi linasugua utando huo badala ya kusugua rangi. Ipake siti ikiwa safi na kavu kabisa, kidogo kwenye sponji, futa ziada, iache ikauke kabla ya kukalia. Mara mbili hadi nne kwa mwaka inatosha. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua dawa ya kusafishia. Ukiwa na ya viwili, hiki ndicho cha pili.

Krimu ya kulainisha ina kazi yake kwenye anilini, na kwenye magari ya zamani ambayo tabaka limeisha. Hapo paka kidogo, subiri, futa.

16. Ile dawa ya kung'arisha dashibodi naweza kuipaka siti?

Nyingi zake zina silikoni. Siti inateleza, unakwenda mbele kila ukikanyaga breki, na siku ukitaka kupaka rangi, rangi haishiki. Kwa picha ya kuuzia gari inapendeza, ndiyo maana wauzaji wanaipenda.

17. Huku kwetu ni baridi. Jua linaharibu siti kweli?

Linaharibu, tena baridi ndiyo inayotudanganya. Miale ya jua ya urujuanimno (UV) huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, wakati Kyela kule ziwani ni karibu 500 tu. Dereva wa Kyela anatoka jasho na kutafuta mwembe. Sisi tumevaa makoti, mbingu ya Juni iko wazi haina wingu, gari limeegeshwa juani "lipate joto". Miale ile haisikiki kwenye ngozi yako lakini rangi ya siti inaisikia.

Nyekundu na nyeusi hufifia kwanza, na sehemu inayoumia zaidi ni juu ya siti ya nyuma, chini ya kioo. Weka kizuizi cha jua kwenye kioo cha mbele na tandaza khanga ya zamani juu ya siti ya nyuma. Iliyofuliwa sana, isiyotoa rangi tena. Kama unaegesha ofisini kila siku mahali pamoja, geuza gari siku moja moja.

18. Asubuhi nawasha hita hadi mwisho. Inakausha ngozi?

Hita kidogo haina neno. Kupuliza hewa ya moto usawa wa siti kila siku kwa nusu saa kunachosha mikunjo. Elekeza kwenye miguu na kioo.

19. Nivalishe kava?

Kwa gari la biashara, ndiyo. Kwa gari lako mwenyewe fikiria mara mbili. Kava la plastiki linafungia unyevu, na mchanga ukipenya chini yake unasugua siti miezi sita bila wewe kuona. Kava jekundu au jeusi la bei rahisi linaweza kuhamishia rangi kwenye siti ya krimu kama jinzi la swali la 9. Kubwa kuliko yote: kama ubavuni mwa siti kuna kibandiko cha mfuko wa hewa, kava la kuzunguka siti nzima linaweza kuuzuia usifunguke. Nunua lililoachwa wazi upande huo au usinunue.

## Mvua, mizigo na gari lililokaa

20. Gari lilikaa Tukuyu mwezi mzima wakati wa mvua, siti zimeota ukungu mweupe. Niufanyeje?

Wilaya ya Rungwe, ilipo Tukuyu, ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, usione aibu. Toa gari nje, fungua milango yote, vaa barakoa. Futa ukungu kwa kitambaa kikavu ambacho utakitupa. Ukipiga brashi ndani ya gari unausambaza hadi kwenye dari. Kisha kitambaa chenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, baada ya kujaribu mahali pa siri, halafu maji safi, halafu kavu. Usisahau mikanda ya usalama, vuta yote hadi mwisho, ukungu hupenda kulala humo.

Baadaye tafuta maji yanatoka wapi. Mara nyingi nakuta zulia la chini limelowa, mpira wa mlango umechoka, au miavuli imeachwa sakafuni. Usipomaliza hilo, ukungu utarudi hata ukisafisha kila Jumamosi. Kabla ya kuliacha gari tena, safisha siti, maana ukungu unakula jasho na makombo, na mwombe ndugu alifungue milango juani saa moja kila wiki.

Gunia la viazi au ndizi kwenye siti ya nyuma, kwa kuwa nalo huulizwa hapa: tandika blanketi kwanza, kamwe usitandike plastiki pekee. Udongo wa viazi una unyevu, na katani ya gunia inakwaruza kama brashi ya chuma kila ukipita tuta.

## Yaliyoharibika tayari

21. Siti imepauka au imepasuka. Mafuta yataziba nyufa?

Hayatazifunga. Ufa umeshakata rangi, na pengine ngozi. Mafuta yanaifanya iwe nyeusi siku mbili, basi unadhani imepona.

Kupauka bila ufa kunapakwa rangi: siti inasafishwa hadi mafuta yote yatoke, inapitishwa msasa laini sana, inapakwa rangi ya maji ya ngozi kwa matabaka membamba, mwisho tabaka la kinga. Nyufa ndogo zinajazwa kwanza kwa lipu ya ngozi inayonyumbulika. Anayekuambia atapulizia rangi ya gari ya kawaida mkatae. Itakuwa ngumu, na wiki ya pili itamenyeka kama ganda la kitunguu.

22. Imechanika kidogo. Gundi ya haraka inafaa?

Inaganda kama kioo na kingo zake zinakata ngozi pembeni, kesho unakuwa na mchaniko mrefu zaidi. Kibandike kiraka cha kitambaa kwa ndani, chini ya mchaniko, kwa gundi inayonyumbulika, kisha jaza na kupaka rangi. Mshono ukifumuka, huo ni wa fundi wa cherehani; uwahi kabla sponji haijaanza kutokeza.

23. Sanitaiza na dawa ya mbu zinadhuru?

Zote mbili. Sanitaiza ni spiriti. Usukani mwingi uliomenyeka tangu 2020 umetokana nayo. Dawa za mbu za kupaka zenye DEET huyeyusha plastiki na rangi. Paka, subiri mikono ikauke, ndipo uingie garini.

24. Nikishona upya, nimwangalie fundi wapi?

Muulize swali moja kabla ya bei: "Siti hii ina mfuko wa hewa ubavuni, mshono wa hapa utaufanyaje?" Siti za namna hiyo zina mshono maalumu upande wa mlango, wa uzi uliokusudiwa kukatika mfuko unapofumuka. Fundi akishona pale kwa uzi mzito wa masofa, siti itapendeza na mfuko utanasa ndani. Fundi mzuri atakuambia atauacha ule wa kiwandani, au atabadilisha pa kukalia tu.

Omba uone ngozi upande wa nyuma, kama swali la 1. Mwambie akurudishie vipande vya zamani vyote. Ndivyo vipimo vyako siku siti ya pili ikihitaji kazi, na ndivyo vinavyoonyesha kama kweli alifungua siti au alivalisha juu. Betri itolewe waya kabla ya kuchomoa ile plagi ya manjano. Akisema haina haja, chukua gari lako.